Skripti inagoma kila tukivuta kazi mpya: je, Git inaweza kutunza ruhusa za mafaili?

"Shikamoo mtaalamu. Tuko vijana watatu, tuna kiofisi chetu Sinza, tunatengeneza mfumo wa stoo na mauzo wa duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na kazi yetu tunaitunza kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu za mabadiliko ya mafaili. Mimi natumia Ubuntu. Mwenzetu mmoja anatumia Windows tupu, mwingine Windows yenye WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Huyu wa WSL nilimpa folda nzima ya mradi kwa fleshi ili tuokoe bando, hakukloni (hakuinakili kwa Git kupitia mtandao). Alipoifungua tu, kabla hajagusa hata mstari, git status ikamwambia mafaili zaidi ya mia tatu yamebadilika. Nikamkataza asikomiti, yaani asiyaingize kwenye kumbukumbu za Git. Huku nyuma yule wa Windows akaandika skripti ya kulinganisha malipo ya lipa namba na mauzo ya siku, inayotakiwa ijiendeshe usiku kwenye seva. Ikagoma: Permission denied. Nikapiga chmod -R 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kwenye folda ya mradi huko seva na vyote vilivyomo, ikakubali. Juzi nataka kuvuta mabadiliko mapya, Git ikakataa, eti kuna mabadiliko yangu yatafutwa, na mimi sijabadilisha kitu. Nikapiga git reset --hard, inayorudisha mafaili kama yalivyokomitiwa, nikavuta, skripti ikagoma tena. Je, ipo namna ya kuilazimisha Git itunze ruhusa zote kama ninavyoziweka? Au tuhamie mfumo mwingine?"

Marahaba, kijana. Umeniletea matatizo matatu ukidhani ni moja, na yote umeyarundika kwenye mlango wa Git. Moja limetoka kwenye fleshi, moja limetoka Windows, na la tatu, usiudhike, umelitengeneza mwenyewe kwa ile 777. Hilo la tatu ndilo linaloniharakisha kukujibu, maana mawili ya kwanza ni usumbufu tu.

Hofu yako, kama nimekuelewa, ni kwamba unaweka ruhusa vizuri na Git inazipoteza njiani. Haizipotezi, kwa sababu haikuzibeba tangu mwanzo. Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na lina ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha, zikigawiwa mara tatu: kwa mwenyewe, kwa kundi, na kwa watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1, ndiyo maana 7 ni yote matatu na 644 maana yake mwenyewe asome na kuandika, wengine wasome tu. Katika utajiri wote huo, Git inachukua jambo moja: je, mwenyewe anaweza kuliendesha faili hili, au hawezi? Akiweza, inaandika 100755. Asipoweza, inaandika 100644. Basi. Ukiweka 600, itaandikwa 100644. Ukiweka 777, itaandikwa 100755. Jina la mwenye faili halimo, kundi halimo, na ruhusa za folda hazimo kabisa. Git haitunzi hata folda yenyewe kama haina faili ndani.

Usiniamini kwa maneno. Ingia kwenye mradi wako uandike:

git ls-files -s

Safu ya kwanza kushoto itakuonyesha namba hizo mbili tu, labda na 120000 pale penye kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine, au 160000 kama mmeingiza mradi mwingine ndani ya huo.

Haikuwa hivi tangu siku ya kwanza. Linus Torvalds alipoianzisha Git mwezi wa Aprili 2005, ruhusa zilinakiliwa kwa upana zaidi, na ndani ya mwezi ule ule ikaonekana kwamba ni kero: mtu mmoja kompyuta yake inatengeneza mafaili ya 664, mwingine ya 644, na kila wakibadilishana kazi zinatokea tofauti ambazo hakuna aliyezikusudia. Wakapunguza, ikabaki ile ya kuendesha peke yake, na mengine yote yakaachiwa kompyuta inayopokea. Mimi nakubaliana nao. Fikiria: kwenye Ubuntu yako wewe ni mtumiaji namba 1000, kwa sababu ndiye wa kwanza kuandikishwa. Kwenye seva namba 1000 inaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Git ingebeba umiliki, ingekuwa inamkabidhi mgeni mafaili yako bila kujua. Ni kama gari la kuhamisha vyombo: linabeba kabati na kitanda mpaka mlangoni, lakini nani atashika ufunguo wa chumba gani mnaamua kule mnakohamia.

Kule mnakohamia, anayeamua ni umask, yaani mpangilio wa mtumiaji unaosema ruhusa zipi ziondolewe faili jipya linapozaliwa. Kwenye seva nyingi ni 022, kwa hiyo Git ikiandika faili la kawaida linatoka 644, na la kuendesha linatoka 755. Ikiwa 002, yatatoka 664 na 775. Zingatia neno "jipya". Unapovuta kazi na faili fulani limebadilika, Git hailifungui la zamani na kulisahihisha. Inaliondoa na kuandika jingine mahali pake. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba waliweka 600 kwenye faili la mipangilio, likakaa hivyo miezi, halafu siku moja likarudi 644 "lenyewe". Siku hiyo mtu alibadilisha mstari mmoja ndani yake.

Sasa tuje kwa wenzako. Huyu wa WSL ana hadithi nzuri, na kwa bei ya bando wala simlaumu mtu aliyetumia fleshi. Git inapoanzisha au kukloni repo, yaani folda ya mradi pamoja na kumbukumbu zake, inafanya jaribio dogo kimyakimya: inageuza ruhusa ya kuendesha ya faili moja, inaangalia kama imeshika, kisha inaandika matokeo kwenye .git/config kwa jina la core.fileMode. Kwenye Ubuntu yako imeshika, kwa hiyo ikaandikwa true, maana yake "diski hii inasema kweli kuhusu ruhusa, iamini." Ukanakili folda nzima kwenye fleshi, pamoja na .git yake na ile true yake. Fleshi nyingi ni FAT32 au exFAT, hazina mahali pa kuhifadhi ruhusa za Linux. Kisha folda ikatua kwenye diski C, na WSL inaposoma diski C kwa mpangilio wake wa kawaida inayaonyesha mafaili yote kuwa 777. Git ikalinganisha: kwenye kumbukumbu 100644, kwenye diski yanaendesheka, na nimeambiwa diski haidanganyi. Hapo mafaili mia tatu yamebadilika bila herufi moja kubadilika. Aandike git diff, chini ya jina la kila faili ataona mistari miwili tu:

old mode 100644
new mode 100755

Angekloni mwenyewe ndani ya diski C jaribio lile lingefeli, false ingeandikwa, na usingeniandikia habari zake.

Dawa ya haraka ni aingie kwenye folda hiyo na kuandika git config core.fileMode false. Ataona kelele zimekatika papo hapo. Utakutana na ushauri kwamba aweke --global ili imalize tatizo kila mahali. Haitamsaidia, kwa sababu kila repo ilishaandika ya kwake wakati wa kuzaliwa, na ya ndani ya repo ndiyo inayoshinda. Vilevile mpangilio huu hausafiri. Ukiuweka kwako haumfikii mwenzako, kila mtu anaweka kwake.

Lakini kama angekuwa jirani yangu ningemwambia aihamishie kazi kwenye upande wa Linux ndani ya WSL, kwenye folda yake ya nyumbani, akloni upya hukohuko. Ruhusa zitakuwa za kweli, na Git itakimbia zaidi, kwa sababu kila safari ya WSL kwenda diski C ni ya taratibu. Ni bando la mara moja. Au kama anang'ang'ania diski C, kuna neno metadata la kuweka chini ya automount kwenye /etc/wsl.conf, linaloifanya WSL ikumbuke ruhusa hata huko.

Huyu wa Windows tupu kesi yake ni fupi. Windows haina ile alama ya kuendesha, kwa hiyo Git yake ina core.fileMode false tayari, na kila faili jipya analoongeza linaandikwa 100644, hata liwe skripti. Ukilivuta kwenye seva linazaliwa 644, na kazi ya usiku ikijaribu kuliendesha inaambiwa Permission denied. Git imetekeleza ilichoambiwa. Mwenzako anachotakiwa kufanya ni kuiambia Git moja kwa moja, bila kuipitia diski:

git update-index --chmod=+x skripti/linganisha.sh

Kisha akomiti na kusukuma. Kwa skripti mpya siku zijazo anaweza kuunganisha mambo mawili kwa git add --chmod=+x, iliyokuwepo tangu toleo 2.9 la mwaka 2016. Baada ya hapo git ls-files -s itaonyesha 100755 mbele ya skripti hiyo, na kila atakayevuta kwenye Linux ataipata inaendesheka. Hii ndiyo ruhusa pekee ambayo jibu la swali lako ni "ndiyo, Git inaitunza".

Ipo njia nyingine ambayo wengine huidharau bila sababu: kwenye ratiba ya cron andika bash mbele ya njia ya skripti. Bash ndiyo inayoendeshwa, skripti inasomwa tu, kwa hiyo 644 inatosha. Nimeiona ikikaa miaka bila tatizo. Mimi napenda ruhusa iwe sahihi kwenye repo, ili kesho asije mtu mwingine kuiita bila bash akarudia kilio chako, ila ukiwa umebanwa usiku huu, itumie.

Na kwa kuwa imetoka Windows, jiandae. Ruhusa ikishakaa sawa, huenda seva ikalalamika kuhusu bad interpreter na kukuonyesha alama ya ^M. Hiyo haihusu ruhusa. Ni miisho ya mistari ya Windows. Weka faili la .gitattributes lenye mstari huu, mpige git add --renormalize . ili skripti zilizokwisha kukomitiwa nazo zisafishwe, mkomiti, wote watatu mtapona:

*.sh text eol=lf

Sasa 777 yako. Naelewa kwa nini uliipiga. Usiku wa kazi mtu anataka kitu kikubali. Lakini angalia ilichofanya. Mafaili yote ya 644 yakawa yanaendesheka, Git ya seva ikaona mia tatu yamebadilika, na ulipotaka kuvuta ikakataa kuyafunika mabadiliko hayo. "Sijabadilisha kitu," umeniandikia. Umebadilisha kila kitu, ila si maandishi. Ulipopiga reset --hard Git ikaandika upya yale yaliyotofautiana na kumbukumbu, skripti ikiwemo, ikarudi 644 kama mwenzako alivyoikomiti. Ndiyo maana iligoma tena.

Hapa ndipo pana hatari. Sasa hivi git status kwenye seva ni safi, na huenda umeshusha pumzi. Lakini reset inagusa tu kile Git inachokijua. Folda zako zote bado ni 777, kwa sababu Git haitunzi ruhusa za folda. Faili la .env, ambalo natumaini hamjalikomiti, bado ni 777 pamoja na nywila ya hifadhidata ndani yake. Picha na risiti walizopakia wateja, vilevile. Na folda yenyewe ya .git nayo ilimezwa na ile -R: yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo, au aliyepenya kupitia programu nyingine inayoendeshwa humo, anaweza kuandika kwenye .git/config au kupanda skripti kwenye .git/hooks, folda ya skripti ambazo Git huziendesha yenyewe, na siku utakapovuta kazi itaendeshwa kwa jina lako. Ruhusa ya kuandika kwenye folda pia inatosha mtu kufuta faili lililomo na kuweka la kwake, hata kama faili lenyewe ni 644. Skripti inayogusa malipo ya lipa namba, kwenye folda ambayo kila mtu anaandika. Umeona ninachokisema.

Kurekebisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupita na kuzirudisha ruhusa: folda 755, mafaili 644, .env 600, na chmod -R go-w kwa .git. Inawezekana, ila ina vijishimo. Watu hupenda amri ya chmod -R u=rwX,go=rX, ambayo ile X kubwa hutoa ruhusa ya kuendesha kwa folda na kwa mafaili yaliyokuwa nayo tayari; baada ya 777 kila faili lisilo la Git bado linayo, kwa hiyo haitalisafisha. Ukitumia find kuweka 644 kwa kila faili, utazivunja programu ndogo zilizoletwa na vifurushi mlivyosakinisha, ambazo zilihitaji kuendesheka, na itabidi msakinishe upya.

Kwa hiyo mimi ningechukua ya pili: kloni upya kwenye folda mpya pembeni, hamishia .env na folda ya mafaili ya wateja kwa mkono huku ukiyawekea ruhusa zake, sakinisha vifurushi, jaribu, kisha elekeza seva ya wavuti na cron kwenye folda mpya. Ni saa moja ya kazi na unajua ulipoanzia. Kabla ya kuifuta ya zamani, linganisha .git/hooks na .git/config zake uone kama kuna kitu hukukiweka wewe.

Fanyeni hayo kwa mtumiaji wa kawaida aliyetengwa kwa ajili ya mradi huo. Msivute kazi kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, mkuu wa mfumo. Ukivuta kwa sudo mara moja, baadhi ya vitu ndani ya .git/objects vinakuwa mali ya root, na safari inayofuata bila sudo utaambiwa huna ruhusa ya kuongeza kitu kwenye hifadhidata ya repo. Watu wengi hapo ndipo wanapopiga 777 ya pili. Dawa ni chown, kurudisha umiliki kwa mwenyewe. Na tangu toleo 2.35.2 la Aprili 2022 Git inagoma kufanya kazi kwenye repo ambayo ni mali ya mtumiaji mwingine, mpaka uitaje kwenye safe.directory. Hilo ni zuio la usalama lililowekwa kwa sababu ya tundu halisi. Ukiliona, jiulize kwanza kwa nini mwenye folda si wewe, kabla hujalinyamazisha.

Ruhusa zilizobaki, zile ambazo ungependa Git itunze, ziandike kwenye skripti fupi ya kupeleka kazi seva, na skripti hiyo ikomitiwe kama kazi nyingine. Ivute, iweke chmod 600 kwa .env, au 640 na kundi la seva ya wavuti ikiwa programu inaendeshwa na mtumiaji mwingine, iifanye folda ya kupakia mafaili iandikike kwa anayehusika tu, iwashe upya kinachohitaji kuwashwa. Kama mnatumia Laravel, zinazohitaji kuandikika ni storage na bootstrap/cache, si mradi mzima. Kuna wanaoiweka kazi hii kwenye hook ya post-merge ili ijiendeshe yenyewe. Sipendi sana, kwa sababu hook hazisafiri mtu akikloni, na ukivuta kwa rebase, yaani kwa kupanga upya komiti zako juu ya za wenzako, huenda hiyo isiitwe. Skripti unayoiita kwa jina lake inaonekana.

Kuhusu kuhama: mtahamia wapi? Subversion ina svn:executable, Mercurial ina alama yake ya kuendesha, na zote mbili zinaishia hapohapo. Hakuna inayobeba mwenye faili na kundi. Ipo etckeeper, inayoongezea Git uwezo wa kukumbuka umiliki na ruhusa, lakini imetengenezwa kwa ajili ya /etc ya seva moja, inayorudi palepale ilipotoka. Kwa mradi wa kompyuta nne zisizofanana itawaletea kelele zilezile za Aprili 2005.

Kuna mambo ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma jibu langu. Kama seva hiyo mnashirikiana na wateja au miradi mingine, au kama 777 imekaa wiki na hujui nani ameingia, tafuta mtu wa mifumo akae nanyi mbele ya seva yenyewe. Hapo Dar hamtakosa. Badilisheni nywila ya hifadhidata na funguo za malipo kabla hajafika. Kama .env iliwahi kukomitiwa, hata mara moja, kuifuta leo hakuitoi kwenye historia, na nywila hizo zihesabuni zimeshatoka. Kama ile chmod uliipiga ukiwa kwenye folda ya nyumbani na si ya mradi, usifunge dirisha la SSH (muunganisho wako na seva) ulilonalo wazi: SSH ikikuta folda yako inaandikika na kila mtu inaukataa ufunguo wako, na ukitoka huenda usirudi. Rekebisha kwanza ruhusa za folda ya nyumbani na ya .ssh, fungua dirisha la pili kujaribu, ndipo ufunge la kwanza. Na ikionekana kuna mtu aliyefikia majina, namba za simu au miamala ya wateja wa duka, mwambieni mwenye duka siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa yeye na nyinyi pia, na hapo mtahitaji mwanasheria kuliko mtaalamu wa Git.

Jambo la mwisho la usiku huu: ukishasahihisha, usingoje cron. Iendeshe skripti kwa mkono kupitia sudo -u na jina la mtumiaji yuleyule aliyepewa kazi hiyo kwenye ratiba. Ikikubali kwako na kugoma kwake, hujamaliza. Na angalia saa ya seva. Nyingi huwekwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, na "2" uliyoandika ukidhani ni saa nane usiku itaamka saa kumi na moja alfajiri, Kariakoo watu wakiwa wameshaanza kushusha mizigo.